Ndizi za Harusi ya Yusta

Mimi Zuhra sinywi pombe, lakini rafiki yangu wa kweli hapa Murungu alikuwa mpika pombe. Ni Maximilla, mama Yusta. Kila asubuhi alipita dukani kwangu na mkungu wa ndizi kichwani, ananisalimia "Mwakeye!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, kisha ananitania kwamba siku nitakayoonja pombe yake nitafunga duka nihamie kwake. Nami namwambia siku hiyo atafilisika, maana nitamaliza mapipa yote. Tulicheka hivyo kwa miaka, na ninakumbuka kicheko chake kuliko maneno yenyewe.

Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima, katikati ya migomba. Juu yake kulikuwa na mteremko mkali uliokuwa na miti zamani, kabla hatujaikata kwa kuni na mkaa. Siku hizi watu wanauliza nani alikata ile miti, kana kwamba tuliletewa kuni kutoka mbinguni. Tulikata sisi.

Mumewe, Renatus, alikuwa fundi mwashi, na kile kilima alikiogopa. Milimani kwao, alipokuwa mdogo, udongo uliporomoka baada ya mvua ukamfukia shangazi yake jikoni. Kwa hiyo kila masika alipanda juu kukagua ardhi, akirudi anamkumbusha mkewe: "Mama Yusta, ukiona ardhi imeachia, hata ufa wa kidole, chukua watoto utoke. Usinisubiri mimi." Maximilla alikuwa akimcheka. Alisema mume wake anaogopa mlima kama mtoto anavyoogopa sindano.

Masika ya mwaka 2014 mvua ilikuwa ya kuudhi. Ilinyesha tu, hata nguo za ndani zilikaukia mwilini. Renatus alikuwa Kasulu kwenye ujenzi, na harusi ya Yusta ilipangwa baada ya Pasaka. Pombe ya harusi hiyo Maximilla hakutaka kumwachia mtu mwingine. Sasa, ili upate pombe ya ndizi lazima kwanza uvundike: unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa majani na udongo hadi ziive. Lakini kila shimo alilochimba lilijaa maji. Ndizi za kwanza zilioza zote. Alikuja dukani akakaa juu ya gunia la chumvi, akalia. "Mama Abdulrahmani, mwanangu ataolewa kwa maji ya kisima?"

Siku chache baadaye alikuja anang'aa. Amepata shimo, akasema, Mungu mwenyewe amemchimbia. Sikumwuliza ni wapi, nilijua anatania kama kawaida yake.

Hakuwa anatania. Juu ya nyumba, kwenye mteremko, ardhi ilikuwa imepasuka, ufa mrefu, upana wa kutosha mtu kusimama ndani. Na ndani palikuwa pakavu, kwa sababu kila maji yaliyoingia yalizama chini yakapotea. Maximilla alikuwa amezunguka na jembe wiki nzima akitafuta mahali pasipotuama maji. Alipapata, akashukuru. Alitandika majani ndani ya ufa ule, akapanga mikungu yote iliyobaki, akafunika kwa udongo na kusawazisha vizuri kwa miguu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Renatus alirudi kutoka Kasulu akiwa na homa. Hata hivyo alijikongoja akapanda kukagua, maana ndivyo alivyokuwa. Aliona udongo uliosawazishwa. Akamwuliza mkewe, akajibiwa ni ndizi za harusi. Akatikisa kichwa, akasema afadhali umepata pakavu, akaenda kulala. Jambo hili ndilo linaloniuma hadi leo. Alikanyaga juu yake akashuka ametulia.

Kesho yake mchana mvua ilishuka tena, nzito. Maximilla alikuwa amekuja kwangu kuazima madumu, nikamwambia angoje ipungue. Tulisikia kishindo, nikadhani ni lori limeanguka barabarani. Yeye hakudhani chochote. Aliacha madumu, akakimbia peku kwenye matope huku anaita jina la mumewe, si baba Yusta kama kawaida, jina lenyewe.

Yusta na wadogo zake walikuwa kwa jirani. Nyumba haikuwepo. Watu walichimba kwa majembe, kwa mabakuli, kwa mikono. Cha kwanza kutoka kwenye tope kilikuwa ndizi, za njano, zimeiva sawasawa. Renatus alipatikana jioni, bado ana blanketi mabegani.

Msibani kila mtu alisema ni mvua, ni mapenzi ya Mungu. Stanislaus, kaka mkubwa wa marehemu, akaamua zile ndizi zikamuliwe, wachimbaji na waombolezaji wapate cha kunywa siku ya kuondoa matanga. Maximilla akasema atazikamua mwenyewe. Hakuna aliyemkatalia.

Siku hiyo mtungi uliwekwa katikati. Kwao, aliyepika ndiye huonja wa kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hana ubaya nao. Maximilla akapiga magoti, akashika mrija, akaushusha bila kuonja.

"Msinywe kwanza," akasema. "Ule ufa niliuona. Aliniambia nikiuona nitoke. Mimi nikauvundikia ndizi, nikaufunika. Alipopanda kuutafuta hakuuona, kwa sababu yangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Yusta alifunika uso kwa kanga. Stanislaus akasema kwa sauti ndogo, "Onja, shemeji. Watu wanangoja."

Akaonja. Waliokunywa walisema hajawahi kupika pombe tamu kama ile. Hajapika tena.

Yusta aliolewa mwezi wa nane, kwa soda za dukani kwangu. Tulikaa jamvi moja, mimi na mama yake, naye chupa yake ilikuwa imefunguliwa mkononi. Nikamwambia kunywa, mama Yusta, itapoteza gesi. Akasema, "Nitakunywa." Akaendelea kuwatazama wageni mmoja mmoja, mpaka wa mwisho alipomaliza kunywa, ndipo akaipeleka mdomoni.