Ndege ya Padri na Sikio la Mama

Enzi zetu kule Ndau, kabla simu hazijafika visiwani, mtoto alihesabiwa amekua siku alipoaminiwa kufukuza mbuzi uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa ardhi nyuma ya kijiji, wazee wameung'oa visiki kwa mikono yao, na kingoni wamepanga mawe ya kupaka chokaa. Hapo ndipo ilipotua ndege ya Padri, ndege ndogo nyeupe iliyochukua wagonjwa waliowashinda watu wa zahanati. Mngurumo ukisikika tu, masomo ya chuoni yalivunjika, na mwalimu wetu wa Kurani alikunja kanzu akakimbia nasi.

Padri alikuwa Mzungu mwembamba, mmisionari aliyekaa bara, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha kitabuni. Mwanzoni wapo waliomshuku kwamba atawabatiza wagonjwa huko juu, ambako hapana wa kuwatetea. Babu yangu ndiye aliyekata maneno. "Mtu akikutoa majini," alisema, "humuulizi huswali wapi."

Nilikuwa na miaka minane mama yangu, Bi Mwanakombo, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili, mtoto asishuke. Bwana Athmani wa zahanati akaita kwa redio, ndege ikaja, mama akabebwa hadi uwanjani juu ya mlango walioung'oa jikoni kwetu. Alirudi baada ya majuma mawili, kwa mashua, mikono mitupu. Mtoto alikuwa amezikwa huko huko. Hapana aliyemuuliza neno.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza. Asubuhi moja mama alikuwa akipika vibibi. Upawa ukasimama hewani, uji wa mchele ukidondoka majivuni.

"Ndege inakuya," akasema, kwa Kiamu chake cha mtaa wa Mkomani alikozaliwa. "Enendani mukaondowe mbuzi."

Tukatega masikio. Kuku tu. Mtoto wa leo angedai ushahidi, sisi tulikwenda. Tukafukuza mbuzi, tukangoja, tukacheka, tukarudi. Kabla ya adhuhuri akaletwa mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, mguu umevimba kama gogo. Redio ikaita, na alasiri ndege ikatua.

Mara ya pili alikuwa Salimu, mtoto wa jirani yetu Bi Rukia. Mama aliposema "inakuya", Salimu alikuwa nasi uani akicheza gololi, mzima, akitushinda sote. Jua halijatua shingo yake ilikuwa imekakamaa na mwili unawaka moto. Alipona, lakini tangu siku ile mama akiinamisha kichwa upande, mazungumzo yalikatika, na kila mwanamke alimshika mwanawe kipaji cha uso. Siku moja alikuwa amekaa barazani kwa Bi Rukia, akanyamaza ghafla. Bi Rukia akamkamata mikono miwili.

"Bi Mwanakombo, nakuomba kwa Mungu. Usisikie hapa kwangu."

Mama akaondoka bila kuaga. Akawa haendi tena kwa watu.

Habari zikamfikia Padri. Hakucheka. Alipokuja tena alimsogelea mama kando ya uwanja, nami nimeshika leso yake.

"Unasikia nini hasa, Bi?"

"Nakusikiya ukiimba," mama akasema.

Padri akageuka rangi. Akasema huimba akiwa juu peke yake, ili asiogope, na kwamba hajapata kumwambia mtu yeyote. Akapanda ndege yake bila kutuangalia.

Haukupita mwaka, asubuhi moja mama akasema tena, "Inakuya." Kijiji kizima kikajihesabu, nyumba kwa nyumba. Hapana mgonjwa. Hata hivyo tulifukuza mbuzi, tukasimama kwenye mawe meupe, wakubwa kwa wadogo. Mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu.

"Yuko juu yetu," mama alisema, kichwa chake kikizunguka polepole kama anayefuata kitu kwa macho. Alizunguka hivyo tangu asubuhi hadi karibu na alasiri. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

"Amenyamaa," akasema.

Siku ya pili redio ya Bwana Athmani ikaleta habari. Padri alikuwa akienda kuchukua mgonjwa kijiji kingine, ndege ikaanguka msituni bara. Ilianguka alfajiri, kabla mama hajafungua kinywa.

Wazee walibishana kama inafaa kumwombea. Mwalimu wetu wa chuo hakungoja wamalize. Aliinua mikono: "Ewe Mola, mtendee kama alivyotutendea." Sote tukaitikia amina, na sauti ya mama ilikuwa juu kuliko zote. Hakusikia tena kitu, na Bi Rukia akaja mwenyewe kumchukua mkono na kumrudisha barazani.

Siku hizi kuna boti ya mashine na simu kila mfukoni, na huko kisiwani Manda ndege kubwa hushusha watalii hata mbuzi wamezizoea. Uwanja wetu umeota magugu. Vijana huuendea kutafuta mtandao, simu juu kama wanaopiga dua. Sikatai, wanaopona ni wengi kuliko zamani. Lakini enzi zile hapana aliyetoka Ndau mgonjwa bila sisi sote kusimama pande mbili za uwanja, hadi vumbi likatua. Juzi jirani yangu alipelekwa hospitali asubuhi. Nilizipata habari zake usiku, kwenye simu, nami nimetengana naye kwa ukuta mmoja.