Sikio la Redio

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Elmina aliniuliza kama nimeona koti lake la plastiki. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, mahali linapokaa siku zote. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema siku moja nitamwonyesha kwa mdomo. Akalivaa, maana majani ya chai huwa na umande saa hiyo, akafunga kikapu mgongoni, halafu akasimama kidogo.

"Baba Janeffer, unafikiri kaseti imefika?"

Nikasema bado. Akaenda. Saa nne majirani walikuja kuniita. Alikuwa ameanguka katikati ya mistari ya chai, kikapu kimejaa nusu. Ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na sita. Juu ya siku hiyo sina zaidi. Nataka kueleza habari ya kaseti.

Elmina alikuwa mtu wa upande wa Sigowet. Alisoma mpaka darasa la nne. Mimi sikusoma. Herufi hizi alinifundisha yeye, kwa kipande cha makaa, juu ya meza ambayo baadaye alinifanya niioshe. Shamba letu liko juu kidogo ya Roret. Alichuma chai miaka thelathini, na karani wa kituo cha majani hakuwahi kumrudishia hata jani moja gumu. Vidole vyake vilikuwa vinajua jambo kabla ya macho.

Mungu alitupa mtoto mmoja, Janeffer. Aliolewa na Kiplimo wa Sigor, kijana wa mbio. Kiplimo alikimbia mpaka chuo cha Amerika kikamchukua, na Janeffer akamfuata. Mwezi wa nne barua yake ikaja kwamba ana mimba, amebakisha miezi miwili, na ana shida moja. Huko hakuna mama mzee wa kumwita mtoto jina.

Kwetu mtoto akizaliwa, kina mama wakubwa hukaa naye na kutaja majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja, polepole. Mtoto akipiga chafya, basi, jina lililotajwa ndilo lake. Hilo jina tunaliita kurenet. Kanisani kuna walioacha. Elmina alisema Mungu hana ugomvi na chafya.

Mama ya Kiplimo ndiye angefanya kazi hiyo, lakini alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo Janeffer aliomba mama yake ataje majina kwenye kaseti, wao waipige karibu na mtoto. Elmina hakuyajua majina ya nyumba hiyo. Akasafiri mpaka Sigor, akalala siku mbili kwa shangazi ya Kiplimo, akarudi na majina kumi na moja kichwani. Njiani, alisema, hakuongea na mtu, yasije yakamwagika.

Redio yetu ya kaseti ilikuwa imetoka kwa fundi wiki hiyohiyo. Calvince, fundi wa Roret, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa ameisafisha, akabadilisha mshipi wake wa ndani, akaipaka rangi nyeusi ikawa kama mpya. Elmina akakaa mbele yake, akabonyeza kitufe chekundu, akataja majina yote. Kaseti ikaenda posta siku hiyo bila kusikilizwa. Alisema majina kama hayo hayachezewi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita barua ikarudi. Mtoto amezaliwa, msichana, mzima kabisa. Hospitali walitaka jina la kuandika, wao wakaandikisha Maxine. Lakini kaseti haisikiki. Janeffer aliandika kwamba mama anasikika kama mtu aliye ndani ya debe lililofunikwa. Hata wakiweka sikio, jina halitoki.

Elmina akaikunja barua. "Maxine ni la karatasi," akasema. "Mtoto wangu hana jina."

Jioni, wakati wa kukamua, akaniambia pengine ni sauti yake. Moshi wa jikoni miaka yote hiyo, na kifua siku hizi kinambana. Pengine sauti imezeeka na watu wanaona haya kumwambia. Nikashika ndama.

Kesho yake asubuhi akaamka akiwa mtu mwingine. Akasema kabla ya kujilaumu atapima. Akaweka redio mezani, akaniambia niongee mimi. Nikasema, "Moja. Mbili." Akairudisha nyuma tukasikiliza. Hakuna kitu, ni upepo tu.

"Hapana, wewe si kipimo," akasema. "Wewe hata bila mashine husikiki."

Akaichukua redio mpaka zizini. Ng'ombe wetu akinyimwa nyasi hulia mpaka ng'ambo ya mto wanajua. Elmina akamnyima nyasi, akabonyeza chekundu. Tuliposikiliza, ng'ombe alikuwa anatoka kama mbu.

Nilimwona akipumua. "Basi si mimi," akasema. "Ni mashine."

Tukaenda Roret kumtafuta Calvince. Duka limefungwa. Jirani yake akasema ameenda nyumbani kuzika, atarudi baada ya wiki mbili. Elmina akasema mtoto atakuwa anatambaa bila jina. Akanunua mawe mapya ya redio, yaani betri, na kaseti mpya, tukarudi.

Akaweka mawe mapya. Bado mbu. Akaweka kaseti mpya. Bado. Akafuta vile vichwa vya ndani vinavyogusa utepe kwa pamba na spiriti, kama alivyowahi kumwona Calvince akifanya. Bado. Halafu akaweka kaseti ya kwaya, na nyumba nzima ikajaa kwaya. Akaizima, akaitazama redio kama anavyomtazama mtoto mwenye homa.

"Mdomo wake ni mzima," akasema. "Mgonjwa ni sikio."

Lakini sikio liko wapi? Hakuna aliyewahi kuuliza. Elmina akabonyeza chekundu, akaanza kuikwaruza redio kwa kucha, huku akisema anapokwaruza. Hapa mgongoni. Hapa kichwani. Hapa shavu la kulia. Hapa shavu la kushoto. Akarudisha nyuma, tukasikiliza. Sauti yake haikusikika, ila kucha zilisikika kidogo kidogo. Kwa mpangilio tulijua ni wapi. Kwenye shavu la kushoto, kucha ililia kama mtu anachana turubai.

Akapapasa hapo kwa kidole kimoja, macho amefumba. "Hapa rangi ni laini kuliko kwingine," akasema. "Kuna kitu kimezibwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Siku ile ya kupeleka redio kwa fundi nilienda peke yangu. Mende walikuwa wameifanya nyumba, na mimi sipendi mende. Calvince aliniuliza nataka nini. Nilimwambia maneno manne tu: safisha, ziba matundu yote. Hakuuliza matundu gani. Akayaziba yote kwa gundi, akapaka rangi juu, kazi safi. Maiki iko nyuma ya kijitundu kidogo kama cha sindano. Na hicho kilikuwa tundu, kikazibwa.

Ningeweza kunyamaza. Kaseti ya kwanza kwenda bure, mtoto kukosa jina, moyo wake ulivyoumia zizini, yote yalitoka kwenye maneno yangu manne. Nikamwambia.

"Ni mimi. Nilimwambia azibe. Mende."

Elmina aliniangalia. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Mende wa nyumba hii wana bahati," akasema. "Mzee amewafungia mlango, sasa mimi nawafungulia."

Akaleta sindano ya kushonea, akachokoa gundi taratibu, chembe kwa chembe, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ilipotoboka akapuliza. Akaniambia niende mpaka mlangoni, nitaje jina la mtoto wangu. Nikalitaja. Alipopiga kaseti, nilijisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Sauti nene. Sikujua ninaongea hivyo.

Siku ya pili, baada ya kupeleka majani, akaoga, akavaa kitambaa cha kanisani, akayataja tena majina kumi na moja. Nilikaa kando yake. La mwisho lilikuwa Tabutany, mama ya Kiplimo mwenyewe. Kaseti ikaenda posta. Mara hii aliisikiliza kwanza.

Baada ya hapo alihesabu siku. Kila asubuhi aliniuliza, na kila asubuhi nilisema bado, mpaka ile asubuhi ya koti.

Barua ilifika siku tisa baada ya mazishi. Ilikuwa imeandikwa kabla Janeffer hajajua. Aliandika kwamba kaseti inasikika wazi, hata jogoo wetu anasikika. Wameipiga mara tatu, mtoto ametulia tu. Mara ya nne, walipofika jina la mwisho, akapiga chafya mbili. Kiplimo alitoka nje akalia. Mtoto ni Tabutany. Ndani ya bahasha alikuwa ametia nakala ya kaseti, ili mama yake asikie jinsi ilivyotoka vizuri.

Sikuipiga mwezi mzima. Jana nimeipiga. Elmina yuko hapo mezani, anataja majina, anaacha nafasi kati ya jina na jina kwa ajili ya chafya. Baada ya Tabutany anavuta pumzi, na kikombe kinawekwa chini. Najua kinachofuata, maana nilikuwepo. Alidhani amezima, akaniuliza kama niko tayari kula. Mimi nikamwonyesha kwa kidole kitufe chekundu, kwamba bado kiko chini.

Leo nimenunua kaseti mpya Roret. Nimepuliza kile kijitundu. Nimekaa mahali alipokaa, nimebonyeza, na nitaanza na jina langu. Yeye alishaniagiza, na Tabutany atamsikia hapo mwisho wa kaseti yake, akicheka kidogo:

"Baba Janeffer, sema kitu na wewe. Huyu mtoto haoni kidole."