Nukta Nyekundu za Fundi Naila

Televisheni ya inchi thelathini na mbili ilirudi kwa fundi Naila Tajudin Alhamisi asubuhi, imefungwa kwa khanga nyuma ya bodaboda, ikiwa inafanya kazi vizuri kabisa. Hilo ndilo lililomsumbua. Tangu afungue kibanda chake karibu na stendi ya Bariadi, miaka sita sasa, kifaa kilichorudi kilirudi kwa sababu kimekufa tena.

Mwenye televisheni, Milembe Mayige, mkulima wa pamba wa Sapiwi, aliishusha mwenyewe, akaichomeka kwenye umeme, kisha akachomeka flash ubavuni. Kioo kikauliza: flash hii haisomeki, ifomatiwe?

"Kila nikiiweka inaniuliza hivyo," alisema Milembe. "Sijabonyeza kitu. Simu yangu niliifomati mwaka juzi, namba zote zikaenda."

"Umefanya vizuri. Humo kuna nini?"

"Baba."

Naila aliacha kutembea. Ana umri wa miaka thelathini na minne, na wanaomfahamu husema hawajawahi kumwona amekaa. Hutengeneza akiwa amesimama, hunywa chai akiwa amesimama, na akizungumza huzunguka meza kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Babake, mzee Tajudin, ni muuza vitenge sokoni. Alitaka binti arithi kaunta. Naila alikwenda chuo cha ufundi Shinyanga, akafanya kazi Mwanza, akarudi na jina alilopewa na wateja: Naila Leo-Leo. Kifaa huletwa asubuhi, jioni kimeondoka. Siri yake si ya ajabu. Fundi anayetafuta ugonjwa ndani ya bodi hukaa na televisheni wiki nzima. Naila hung'oa bodi nzima, huweka nyingine iliyotumika, basi. Ile mbovu huipaka nukta ya rangi nyekundu ya kucha ili asije akairudisha kwa bahati mbaya, na kuitupa kwenye gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jumanne alifanya hivyo kwa televisheni ya Milembe, iliyokuwa imeganda kwenye nembo ya kampuni kila ikiwashwa. Ilichukua dakika arobaini.

Babake Milembe, mzee Mayige, alikuwa manju, kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Mwaka jana kwenye maonyesho ya wakulima Nyakabindi aliimba wimbo mpya, na kituo kimoja kikaurusha moja kwa moja. Simu za watu zilinasa vumbi na mlio wa majembe. Kipaza sauti cha televisheni kilikuwa mdomoni mwake. Milembe, akiwa nyumbani, alibonyeza kitufe chekundu cha rimoti, na televisheni ikarekodi kwenye flash. Miezi miwili baadaye mzee alipasuliwa koo. Sasa hunong'ona tu. Maneno ya wimbo anaweza kuyasema, sauti yake hawezi kuitoa, na Jumamosi hii kikundi kinashindana Sapiwi, Milembe akiwa manju.

"Kiitikio tunakijua wote," alisema. "Sehemu ya manju alikuwa nayo yeye. Nilikuwa naisikiliza kwenye TV kila nikitoka shamba, ndiyo nimefika katikati, TV ikaganda."

Naila alijua kwamba televisheni hizi hurekodi. Alikisoma kipengele hicho kwenye menyu mara mia. Alijua pia, kwa namna mtu anavyojua kitu ambacho hakijawahi kumgusa, kwamba hufunga rekodi zake kwa ufunguo unaokaa ndani ya bodi yake kuu. Flash ukiipeleka kwenye televisheni nyingine au kompyuta, haifunguki. Bodi ikiondoka, ufunguo umeondoka.

"Bodi ya zamani iko wapi?" aliuliza Milembe.

"Imechukuliwa jana."

"Na nani?"

Naila alikuwa tayari anashusha mlango wa kibanda.

Marcelo, mnunuzi wa chakavu, ana ua wake Maswa. Simu yake haikupokelewa. Naila alipofika alimkuta anafunga magunia. Gari la kuyapeleka Mwanza lingefika alasiri.

"Leo-Leo! Umekuja kuninyang'anya mzigo?"

"Nataka bodi yangu moja."

"Moja? Zako ndizo zimejaa humu. Wafanyakazi wangu wanaziita za binti wa lipstiki."

"Ni rangi ya kucha."

"Sisi kucha zetu hazijui tofauti, dada."

Alimwaga gunia la kwanza kwenye turubai. Nukta nyekundu zilikuwa kila mahali. Naila alizihesabu bila kukusudia na kuacha alipofika hamsini na tatu. Nyingi alizikumbuka. Hii ilikuwa na kapasita moja tu iliyovimba. Ile soketi yake ilikuwa imelegea. Aliinama, akainuka, akazunguka turubai, akainama tena. Kwenye gunia la tatu aliiona ya Milembe, yenye namba aliyoiandika mwenyewe Jumanne. Mtu alikuwa ameshang'oa bati lake la kupozea kwa bisibisi, na bisibisi imeacha mkwaruzo hadi karibu na chipu.

"Niwekee na gunia hili zima," alimwambia Marcelo.

"Uliniuzia mwenyewe!"

"Ndiyo, nami nanunua."

Ijumaa Milembe alikuja na babake. Mzee Mayige ni mrefu, ana kitambaa shingoni. Alinong'ona salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, akaketi mahali ambapo angeiona meza.

Naila aliipima bodi kwa mita. Chipu ndogo inayoshusha volti kwa ajili ya ubongo wa bodi ilikuwa inatoa nusu ya inachotakiwa. Ugonjwa ndio huo tu. Chipu ya aina hiyo Bariadi haikupatikana. Moja aliyokuwa nayo karibu ilikuwa kwenye ile bodi nzima aliyoifunga Jumanne, ndani ya televisheni iliyowaka mbele yao.

"Nikiitoa hapa nikaiunguza," alisema, "hamtakuwa na wimbo, na TV pia mtakuwa hamna."

Milembe alimtazama babake. Mzee alinong'ona kitu.

"Anasema taarifa ya habari ataisikiliza kwa jirani."

Naila aliishika blowa ya hewa ya moto. Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ilitulia. Chipu iliachia, akaihamisha kwa kibano, akaishikiza kwa risasi mpya ya kuunganishia, akafunga bodi ya zamani na kuwasha. Nembo ilitokea. Ikakaa. Milembe alianza kuhesabu kwa sauti ya chini na alipofika kumi na tisa kioo kikafunguka.

Flash haikuuliza chochote. Faili lilikuwa moja.

Naila alizima feni, Milembe akainua simu kurekodi kutoka kwenye kioo, na mzee Mayige mwenye koo zima akatokea, jembe begani, akaimba. Mlangoni mteja alianza kusalimia. Naila alimwinulia kidole anyamaze, bila kugeuka. Kwenye ubeti wa tatu mzee, pale kitini, alinyoosha mkono na kuushusha taratibu. Naila akapunguza sauti. Mzee akatikisa kichwa kwa hasira, akaushusha tena. Naila akapunguza zaidi.

"Iache, dada," alisema Milembe. "Ongeza."

Waliucheza mara nne. Kila ubeti wa tatu ulipofika mkono wa mzee ulishuka, na Naila hakuelewa anataka nini.

Jumamosi alifunga kibanda mchana na kwenda Sapiwi, akisema anakwenda kuangalia kama televisheni haijaganda. Alichungulia dirishani, haikuwa imeganda. Hakuna aliyekuwa nyumbani kuitazama. Uwanjani vikundi viwili vilicheza kwa wakati mmoja, pande mbili, na watu walikwenda na kurudi katikati, kwa kuwa mshindi ni yule ambaye watu wanabaki kwake. Milembe alianza. Naila, aliyekuwa akizunguka nyuma ya umati, alishautambua wimbo. Ulipofika ubeti wa tatu aligutuka: sauti ya Milembe ilishuka chini, mahali ambapo kwenye rekodi ilikuwa imepanda.

Alijipenyeza hadi kwa mzee Mayige, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Baba, amekosea pale."

Mzee alimvuta karibu, akamnong'oneza sikioni.

"Hapana, mayu. Pale nilikosea mimi. Siku ile nilimeza vumbi, sauti ikanipanda."

Akaushusha mkono wake taratibu. Majembe yalirushwa juu, na watu wa upande wa pili wakaanza kuja, wawili wawili kwanza, kisha wengi, hadi Naila akakosa nafasi ya kutembea.