Maharage Yasiyorudi Motoni

Shangazi yangu si mtu wa kukaa kimya. Ana maneno kwa kila chombo. Sufuria ikiungua huitukana, mwiko ukianguka huuliza unakwenda wapi, na mimi, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, nimeshaambiwa kwamba nilizaliwa mvivu, nimekua mvivu na nitazeeka mvivu. Basi jioni ile aliporudi kazini, akavua viatu mlangoni na kukaa jikoni bila kumsema mtu, nilijua kuna jambo.

Hata kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kushuku. Wiki ile nilivunja kikombe chake cha chai, kile chenye maua, akaniambia, "Pole." Pole! Niliogopa kuliko kama angenipiga kwa mwiko.

Shangazi ni mpishi katika karakana ya samani. Jiko lake ni chumba cha mabati nyuma ya banda la mashine, na dirisha lake halifunguliwi kwa sababu ya vumbi la mbao. Wakati wa joto mle ndani ni tanuri. Maseremala hulia chakula kwenye meza ndefu walizotengeneza wenyewe, na usitarajie meza za maana: moja imewekewa kadibodi chini ya mguu isitikisike, ilhali mafundi wenyewe hushinda kutwa wakitengeneza makabati ya watu.

Umaarufu wake ni maharage. Yale mekundu, makubwa. Na ana njia yake. Huyaloweka jioni, asubuhi huyachemsha kidogo, kisha sufuria nzima huitumbukiza kwenye kapu kubwa lililojaa mablanketi chakavu, akalifunika na kwenda kufanya mengine. Maharage hulainika polepole kwa joto lake yenyewe, na gesi haiishi ovyo. Ikikaribia saa ya chakula huyatoa, akayarudisha motoni na vitunguu, yakatokota mpaka mchuzi ukashikana. Wenye karakana walimsifu kwa kubana matumizi, naye kichwa kikamvimba. Kapu lile akalipa jina la Mume, maana, alisema, huyu anafanya kazi bila kusimamiwa.

Jioni ile, nilipomwekea chai na kuona haigusi, nilimuuliza ana nini. Akanieleza yote, kuanzia mwanzo.

Siku moja ya joto kali, maseremala walimchokoza. "Mama, leo tupikie kitu baridi bwana," mmoja alisema. "Huo mchuzi wako tukinywa na jua hili tutaiva na sisi." Wakacheka, naye akacheka. Akaona jambo lenyewe si zito. Maharage yalikuwa kwenye kapu tayari, na nyanya, matango, vitunguu na pilipili hoho zilikuwa zimeletwa asubuhi ileile. Angewatengenezea saladi.

Sasa asubuhi ile mtungi wa gesi ulikuwa unaelekea kuisha, moto ulikuwa wa kubembeleza. Maji ya maharage yalipoanza kutoa mvuke, shangazi aliona inatosha, akayakabidhi kwa Mume. Siku nyingine isingekuwa neno, kwa sababu moto wa pili ungemalizia. Lakini saladi haina moto wa pili. Aliyachuja, akayamwagia maji baridi, akabonyeza mawili matatu ya juu, akayaona laini. Akakata nyanya na matango vipande vidogo, vitunguu akavikata vyembamba na kuvisugua na chumvi visiwashe, akakamua ndimu, akamwagia mafuta, akachanganya kwa mikono yake miwili. Ikapendeza, nyekundu na kijani ndani ya beseni jeupe. Kumenya viazi tu kungemchukua muda zaidi ya huo.

Walikula wakalamba sahani. Fundi wa kupaka rangi aliongeza mara mbili na kuuliza kama shangazi ana binti wa kuoa. Shangazi akamjibu kwamba yupo mmoja nyumbani, ila mvivu.

Haikufika jioni. Wa kwanza kutoka mbio alikuwa huyohuyo fundi wa rangi. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka mlango wa choo ukawa na foleni na wengine wakaenda kuinamia nyuma ya rundo la mbao. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Shangazi alikuwa amesimama jikoni na lile beseni. Yeye hula mwisho, na siku ile alikuwa amebakiziwa maharage machache chini kabisa. Akaokota moja akalitafuna. Nje lilikuwa laini, katikati gumu kama chaki.

Akajua hapohapo. Mama yake, yaani bibi yangu, alimfundisha tangu akiwa mdogo kwamba maharage mekundu yasipotokota sawasawa hupindua tumbo la mtu mzima. Akayamwaga yaliyobaki, akaosha beseni.

Msimamizi akaja, uso umempauka, mkono tumboni. "Mama, hizi nyanya umezitoa wapi?"

"Kwa Bi Tenga, kama siku zote."

"Uliziosha?"

"Zimekuja leo asubuhi."

Ndivyo alivyojibu. Alikuwa ameziosha, na angeweza kusema hivyo. Angeweza kusema, bosi, nyanya hazina kosa, ni mimi. Badala yake alisema jambo la kweli ambalo halikuwa jibu, kisha akanyamaza, na msimamizi akamalizia mwenyewe. Aligeuka akamwambia mlinzi kwamba yule mwanamke wa nyanya asikanyage tena pale.

Bi Tenga ni jina tulilompa sisi, kwa sababu haonekani bila tenga la nyanya nyuma ya baiskeli. Yeye na shangazi wametoka mbali. Wamezikiana wafu, wameuguzana, na kila asubuhi hukaa kidogo kwenye benchi la getini kuwasema watu. Kesho yake alikuja kama kawaida, akaegesha baiskeli, na mlinzi akamzuia. "Nyanya zako zimelaza watu, dada. Nimeambiwa usiingie." Bi Tenga hakubishana. Alichungulia juu ya bega la mlinzi, akitazama jikoni kama shangazi atatoka.

"Nilikuwa dirishani," shangazi aliniambia. "Kioo kina vumbi, hakuniona. Mimi nilimwona."

"Na hukutoka."

"Sikutoka."

Watu walipona upesi, wakarudi kazini wakitaniana nani alikimbia kuliko nani. Lakini neno lilikuwa limeshatoka getini. Mama lishe wa barabara ile wakaacha kununua kwa Bi Tenga. Wenye genge la kona wakamwambia asubiri kidogo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Shangazi alichuma, na aliyekula akawa mwenzake, yeye akabaki na mshahara wake na sifa zake.

Kilichomvunja siku hiyo aliyorudi kimya ni mnoa misumeno. Huyu ni mzee mpole ambaye maharage humjaza gesi, kwa hiyo siku zote huyachagua moja moja na kuyaweka ukingoni mwa sahani. Maseremala humwita Chagua. Alikuja kuchukua chai, akasimama mlangoni akiipuliza.

"Mama, unajua mimi tumbo halikuniuma siku ile?"

"Enhe?"

"Na nyanya nilikula zote. Nikala na za jirani yangu. Maharage ndiyo niliyaacha, si unanijua." Akanywa funda. "Sijui ni bahati."

Akaondoka. Shangazi hakujua kama mzee yule amemsuta au amepiga soga tu, na kutojua huko kulimtafuna mpaka akafika nyumbani.

Mimi nilipandwa na hasira. Ni mkubwa wangu na ndiye aliyenilea, lakini nilipandwa na hasira. "Shangazi, kesho nenda kwa msimamizi ukaseme."

"Atanifukuza."

"Basi akufukuze."

"Nikifukuzwa tutakula nini, wewe mtoto?"

"Bi Tenga anakula nini saa hizi?"

Shangazi akafuta meza iliyokuwa safi. Baadaye nikamsikia chumbani akisema peke yake, kwa sauti ya chini, "Nimefanya nini mimi? Nimefanya nini?"

Asubuhi alikwenda. Alijikaza kisabuni, akaingia ofisini kwa msimamizi na kusema maharage hayakuchemka, nyanya zilikuwa nzima na zilioshwa. Alikuwa ameshafunga kanga yake na visu vyake kwenye mfuko, tayari kwa kufukuzwa. Msimamizi akamtazama, akashusha pumzi. "Sawa, mama. Usirudie. Na hilo kapu liondoe." Basi. Akamwita mlinzi akamwambia yule wa nyanya aruhusiwe. Shangazi alisema laiti angefokewa. Bi Tenga alifukuzwa bila kuulizwa hata swali moja, na yeye mwenye kosa alisamehewa kabla hajamaliza kueleza. Aibu ile, alisema, ilikuwa nzito kuliko mfuko wa visu.

Siku ya mapumziko tukaenda kwa Bi Tenga. Shangazi hakutaka kwenda mikono mitupu. Alichemsha maharage kwa moto mkali, akasimama juu yake kama mlinzi wa benki, akayaacha yatokote mpaka nikamwambia sasa yatakuwa uji. Kisha akatengeneza saladi ileile, akaionja yeye kwanza sahani nzima, akangoja, ndipo akaifunga kwenye bakuli lenye mfuniko. Hakuitia nyanya. Alisema hathubutu kumpelekea Bi Tenga nyanya za mtu mwingine.

Tulimkuta uani, matenga matupu yamepangwa ukutani kifudifudi, baiskeli haina upepo. Alitukaribisha vizuri tu. Alimuuliza shangazi hali, akaniambia nimerefuka. Shangazi hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, bakuli mkononi: maharage, mtungi, dirisha.

Bi Tenga alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea matusi, na kwa kweli niliyangoja, maana yangesaidia.

"Mimi niliamini," akasema.

"Uliamini nini, dada?"

"Kwamba ni nyanya. Wewe ndiye mpishi, na hukutoka kuniambia vingine. Nikasema basi, mwenzangu ananionea haya, ni kweli." Alikuwa akitazama matenga. "Nikaenda kwa kaka yangu anayezilima. Nikamwambia mbele ya watoto wake, wewe ni mchafu. Nikamwambia unamwagilia maji ya mtaro, umeua biashara yangu, uchafu wako umelaza watu. Aliniapia. Nikamwambia asiniapie. Sijarudi kwake tangu siku hiyo, naye hana mwingine, tumebaki wawili tu kwa mama yetu."

Shangazi akapiga magoti. Sijawahi kumwona akipiga magoti mbele ya mtu. "Nisamehe, mwenzangu. Nisamehe."

"Kunyanyuka ndiko kutasaidia," Bi Tenga alisema. "Inuka twende ukamwambie yeye."

Kwa kaka mtu ni bondeni, mwendo wa kushuka na kushuka. Tulitembea kwa mstari, Bi Tenga mbele, shangazi nyuma yake na bakuli lake, mimi mwisho. Tulipofika tulimkuta kaka amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, beseni kati ya magoti. Alikuwa anaosha nyanya. Aliziosha kwa sabuni, moja moja, akizungusha kidole penye kikonyo, akisuuza, akifuta kwa kitambaa cheupe, akiipanga kwenye tenga lililotandikwa gazeti. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa maji. Mkewe alipomwona wifi yake alisimama mlangoni bila kusogea, akasema, "Hata beseni la kufulia hatuna siku hizi. Ni nyanya tu, kuanzia asubuhi."

Shangazi akasema tena yote. Safari hii, palipotakiwa kusema "sikutoka" alisema mara mbili.

Yule bwana aliacha mkono ndani ya maji. Alimtazama dada yake, si shangazi.

"Kwa hiyo hazikuwa chafu?"

"Hazikuwa, kaka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nisamehe mimi."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi. Kisha akasema wageni wamekuja na chakula, waletewe sahani. Mkewe akaleta mkeka. Saladi ikafunguliwa, na kaka alipoiona alisema, kwa upole kabisa, "Mbona haina nyanya?"

Akageukia tenga lake, kwenye zile zilizooshwa na kufutwa tayari, akachagua iliyoiva vizuri. Akairudisha kwenye beseni. Akaipaka sabuni, akazungusha kidole penye kikonyo, akaisuuza, akafungua bomba akaisuuza tena, akaifuta, akainyanyua kwenye mwanga akaigeuza pande zote.

"Karibu, mama," alimwambia shangazi. "Hii ni safi."

Shangazi yangu, mwenye maneno kwa kila chombo, aliipokea kwa mikono miwili. Aliila yote, palepale, na kikonyo chake. Yule bwana akakaa kwenye kigoda akimtazama, mikono ikimchuruzika maji, akisubiri aone kama tumbo litamuuma.