Mbuzi wa Mawe na Sauti ya Apo

Tuliondoka Panda, kambi yetu ya wafanyakazi kule Likasi, kwa sababu ya Silva. Ninaandika hivyo mwanzoni kusudi msomaji asifikiri tulikuwa watalii wenye kamera shingoni. Ulikuwa wakati wa vakansi kubwa ya shule, baridi ya mwezi wa saba, na viwanda karibu vyote vilikuwa vimenyamaza. Familia ya Silva ilikuwa inangoja treni ya kwenda Kasai. Kasai yenyewe Silva hakuwahi kuiona. Alizaliwa kwetu kambini, mlango wake unatazamana na wetu. Lakini wakati ule ilikuwa imesemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na kwao haikuwa tena kwetu. Mimi sina masomo ya kutosha kueleza jambo hilo. Ninasema tu kile nilichokiona: masanduku yalikuwa yamefungwa, na treni inaweza kufika kesho ao mwezi ujao.

Baba yake Silva, alipokuwa kijana, alitembea na wapimaji wa mawe katika vilima vya upande wa Kakanda. Tulipokuwa watoto alitusimulia juu ya mbuzi wa mawe, mnyama mdogo anayesimama juu ya ncha za kwato zake, miguu yote minne mahali padogo kama kifuniko cha chupa. Tulimcheka. Tulimuuliza kama mbuzi huyo anavaa viatu vya dansi. Mwishowe aliacha kusimulia. Sasa Silva akaja kunikuta kwenye bomba la maji, akaniambia:

"Sele, minye ninataka nimuone ule mbuzi mbele ya kuenda. Ni ile tu. Nikimuona, baba hakuwa anadanganya, na minye nitakuwa na kintu moja ya kupeleka kule."

Mama yake alitupa ruhusa mpaka Jumapili jioni. "Treni ikifika muko kule juu," alisema, "mutaikimbilia na miguu?"

Ijumaa asubuhi, mbele ya mlango wetu. Hapa ndipo safari ilianza kuharibika. Tulikuwa watu wawili na baiskeli mbili, jambo zuri na rahisi. Kisha Apolinari akatokea na Biblia na blanketi. Apo ni rafiki yetu, nisikatae. Lakini Mungu alimpa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kanisa lake, wale wanaosali chini ya hema karibu na soko, likamfundisha kuitumia bila kupumzika.

"Munaenda mu mulima bila muombaji?" akasema. "Kule juu kuko bapepo. Nitawafunga."

"Apo, tunaenda kuona mnyama. Mnyama iko na masikio."

"Mungu naye iko na masikio."

Mara nyingi jibu langu linakuja kesho yake, wakati ninakata kuni. Akapanda nyuma ya baiskeli yangu.

Barabarani. Ninataka kuwa wa haki, kwa hiyo ninasema kwamba njia ilikuwa nzuri kutazama: majani makavu ya rangi ya asali, vilima vya buluu mbele, moshi wa makala, makaa ya kupikia, hapa na pale. Mimi niliona kidogo tu. Nilikuwa ninaona mnyororo. Kila tukipanda, ulitoka. Kila ukitoka, Apo aliteremka, akaweka mkono juu ya usukani, akaombea baiskeli, na mimi chini na mikono myeusi ya mafuta nikaurudisha. Kisha alisema, "Umeona?"

Mchana, mahali pa mti uliolazwa barabarani. Vijana wa kule walikuwa wamekaa kando yake na fimbo. Hawakuwa askari. Walituuliza tunaenda wapi, halafu mmoja akamtazama Silva kwa muda mrefu.

"Na huyu, eko muntu wa wapi?"

Silva alitazama gurudumu lake la mbele. Na mimi, mwenyeji wa nchi, ambaye ningeweza kusema neno, nikainama kushika mnyororo. Apo ndiye aliruka chini, akafungua mikono kama mtu anayepima kitambaa.

"Bandugu! Mbele ya kutuuliza fasi gani tunatoka, minye ninawauliza ninyi: mukikufa leo, mutaenda wapi?"

Walicheka. Yeye hakucheka. Alianza na Adamu. Alipofika kwa Nuhu, wawili walikuwa wameondoka kivulini, na alipoanza kumwombea kwa nguvu yule mwenye fimbo, mkono juu ya kichwa chake, kijana akapiga kelele: "Inua muti! Inua! Mupeleke huyu mbali na minye!" Mti ukainuliwa. Tukapita. Kwa hiyo yote ninayosema hapa juu ya sauti ya Apo, msomaji ayapime na hiyo.

Jioni, kwa Mama Ngosa. Anakaa chini ya kilima chenye maporomoko madogo, anachoma makala na kuwapikia wanaume wanaoyabeba mpaka Likasi. Alitupokea bila maneno mengi. Alitupa pa kulala, akatuazima sufuria, akatuletea kikombe kikubwa cha munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Apo akakinusa.

"Mama, hii haina pombe?"

"Mwana wangu, hata kama ingekuwa nayo, kelele yako ingeongezeka wapi?"

Tulicheka, hata Apo. Silva akauliza juu ya mbuzi wa mawe. Mama Ngosa akaitika kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa juu ya jirani.

"Yuko. Wako wawili siku zote, bibi na bwana. Mumoja anakula, mwingine anachunga. Asubuhi wanatoka pale juu ya jabali kuota jua. Mukae kimya tu. Mukisikia filimbi, amekwisha kuwaona, basi murudi mulale."

Kwa hiyo wako kweli. Silva alinitazama. Sikuwa nimemuona na uso kama ule tangu kambi ilipoanza kufunga masanduku.

Jumamosi, kabla ya jua. Usiku nilikuwa nimemsihi Apo mpaka koo likauma. Alikubali kuomba chini, kwa Mama Ngosa, halafu kupanda kimya. Aliomba chini, kweli. Tukapanda. Ukungu ulikuwa umelala kati ya mawe, na kwale walikuwa wanatembea mbele yetu bila haraka, karibu wa kuokota. Tukajificha nyuma ya jabali. Silva aliziba mdomo wake na kofia kusudi pumzi isionekane. Kisha Apo akaona pango, na mbele ya pango mifupa ya mnyama fulani na unga mweupe ambao mtu aliuweka pale, labda wa kuheshimu wakubwa waliokufa, mimi sijui mambo hayo.

Nilimuona anavuta pumzi. Nilisema, "Apo, polepole."

"Shetani hafungwake polepole!" akasema, na akaanza.

Kwale waliruka wote pamoja. Nyani, ambao hatukujua hata kama wako, walibweka upande wa pili wa bonde na kukimbia na watoto wao. Mawe yalirudisha kila neno mara mbili. Na katikati ya "ninakuvunja" na "ninakuangusha", tulisikia juu yetu filimbi moja nyembamba. Basi. Hakuna kingine.

Silva alivaa kofia yake. Ningependa zaidi angemtukana. Mimi nilitaka kumtupia Apo jiwe, na mawe yalikuwa mengi.

Tulipoteremka, Mama Ngosa alikuwa amesimama njiani, mikono kiunoni. "Nani amekufa kule juu?"

"Tulikuwa tunasafisha mulima, mama," Apo akasema.

"Eh. Umeusafisha kweli. Hata panya hakuna."

Jumamosi mchana, kwenye ziwa dogo chini ya maporomoko. Nisiseme safari nzima ilikuwa mbaya. Maji yale yalikuwa safi mpaka unahesabu kokoto chini, na jua liliingia ndani yake kwa vipande. Silva hakujua kuogelea. Kwetu kulikuwa na piscine moja tu ya kuogelea, ya wakubwa wa kiwanda, na sasa ilikuwa imekauka na mtu alikuwa amepanda matembele ndani. Mimi nilijifunza katika mfereji. Nikaweka mkono chini ya mgongo wake, nikamwambia aache shingo, aache miguu. Alikuwa mgumu kama ubao. Kisha mara moja akalegea, nikaondoa mkono wangu, akabaki juu ya maji akitazama mbingu.

Apo alisema imani haipimi maji na kidole. Akajitupa kutoka juu ya jiwe. Maji ya mwezi wa saba hayana mchezo. Aliibuka akipiga kelele bila neno, na alikataa kutoka majini kwa sababu ya aibu, akakaa ndani akiimba mpaka midomo ikawa ya rangi ya zambarau.

Tulipokuwa tunakauka, Silva akaniuliza polepole: "Kama hatumuone, nimwambie baba nilimuona?"

Nilifikiri. Uwongo mdogo, kwa mzee, katika treni ya namna ile, nani angeuhesabu? Lakini alijijibu mwenyewe.

"Apana. Ataniuliza miguu inasimama namna gani."

Jumapili asubuhi. Apo aliamka akafungua mdomo, na hewa ikatoka kama katika mpira uliotobolewa. Sauti, hakuna. Alishika koo. Alijaribu tena. Mama Ngosa alimchemshia majani, alikunywa, hakuna. Aliwaza ni vita vya kiroho. Mimi niliwaza ni maji, lakini sikusema, kwa sababu alikuwa na machozi.

Tulikuwa na asubuhi ile tu. Mchana lazima tuwe njiani. Silva na Apo walipanda mbele. Mimi nilibaki nyuma kidogo kwa sababu ya sufuria, maana Mama Ngosa alikuwa ameitaka mapema kwa watu wake wa makala, na sisi tulikuwa tumeiacha juu, karibu na ziwa, na masizi yake yote. Niliisugua na mchanga. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Sikuwa na kitu, nikatia chumvi yetu iliyobaki, nimeifunga katika jani. Nilihesabu kuteremka, kuiweka mlangoni na kupanda haraka. Lakini ukimrudishia mtu sufuria na chumvi ndani, naye hawezi kukuacha uondoke na tumbo tupu.

"Kaa," Mama Ngosa akasema.

"Mama, wanangoja."

"Bukari nayo inangoja. Kaa, mwana."

Nikakaa. Bukari, ugali wetu, ilikuwa ya moto, na mboga ya lengalenga pembeni. Nilikuwa ninameza bila kutafuna, macho juu ya jabali, na sikusikia filimbi, na sikusikia Apo, na ukimya ule wote ulinichoma kuliko kelele ya jana.

Nilipopanda niliwakuta wanateremka. Sikuhitaji kuuliza. Silva alikuwa anatembea kama mtu anayebeba maji katika viganja.

Wanasema walitoka wawili, kama alivyosema Mama Ngosa. Wanasema jike alikula na dume alisimama juu ya ncha ya jabali, masikio kama majani, na kwamba jua lilipompata manyoya yake yalikuwa na rangi ya jiwe lenyewe, mpaka ukipepesa jicho unampoteza. Wanasema walikaa muda mrefu. Silva anasema midomo ya Apo haikusimama hata kidogo, lakini hakuna kilichotoka.

"Ulikuwa unawafunga hata wale mbuzi?" nilimuuliza. Nilikuwa na hasira.

Apo akanivuta karibu, akanipulizia sikioni: "Nilikuwa ninaomba wasiende."

Mimi sikuwaona. Nilitengeneza safari, nilirudisha mnyororo, nilibeba sufuria, na sikuwaona. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, na sikujua nimkasirikie nani. Huwezi kumkasirikia mama aliyekupa bukari. Mti wa barabarani ulikuwa umeinuliwa na hakukuwa na mtu. Mpira wa baiskeli ya Silva ulitoboka tulipoanza kuona bomba la moshi la Panda, tukaisukuma, na kwa mara ya kwanza Apo hakuombea kitu.

Treni haikuwa imefika. Tungeweza kukaa zaidi. Hilo nalo nilikasirikia.

Ilifika baadaye, wakati majani ya mti wa mbele ya nyumba yetu yalikuwa yameanza kuota tena. Katika gari la treni watu walikuwa wamebanana na magodoro, kuku na cherehani. Baba yake Silva alikuwa amekaa juu ya sanduku kando ya dirisha, hatazami mtu. Silva akaegemeza kiwiko juu ya sanduku lingine, akakusanya ncha za vidole vyake mahali pamoja na kuzisimamisha pale kama kwato.

Mzee alitazama vile vidole.

"Apana," akasema. "Mugongo unapinda. Hivi." Akachukua mkono wa mtoto wake, akauinua kidogo penye kifundo. "Na bibi yake alikuwa wapi?"

"Chini kidogo. Anakula."

"Ndiyo, njo vile," mzee akasema. "Njo vile kabisa."

Nilijifunza nini katika safari ile, sijui vizuri. Nilijifunza kwamba maji ya mlimani hayaheshimu imani, na kwamba mbuzi wa mawe yuko, ingawa ushahidi wangu ni vidole vya rafiki tu, na ninauamini.

Treni ilipoanza kujivuta, Apo, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi yote, alikimbia kando yake, mkono juu ya mbao za gari, akaomba juu ya reli, juu ya madaraja, juu ya kila mtu ndani kwa jina. Watu waligeuka. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Huyu naye, hawezi polepole?"

Nilimwambia hapana, hawezi. Tukamsikia mpaka gari la mwisho.