Nilimwambia bosi ni lori inapita: ekzosi ya mtoto wake karibu inikoseshe likizo

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Sijipaki rangi.

Mimi ni dereva wa familia moja mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Bosi wangu ni mzee mpole, namwita baba, na tangu nifike hajawahi kunipandishia sauti.

Alikuwa ameniahidi likizo. Kule Bungoma nina msichana niliyemwacha tumboni mwa mamake. Nilikuwa namjua kwa video call tu.

Sasa kabla ya likizo, bosi akanipa kazi moja.

Mtoto wake Majid anasoma chuo Riyadh. Gari anayoendesha iko kwa jina la baba yake, na fahas, yaani ule ukaguzi wa gari, ilikuwa ime-expire zamani. Kila akiulizwa, Majid ana sababu. Mara mtihani, mara homa.

Bosi akachoka. Akaniambia nipande basi niende Riyadh, nipitishe gari fahas, niilete Jeddah. Majid atapanda metro kama watu wengine. Nikirudi na karatasi, ananifanyia viza ya kwenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Nikahesabu siku mbili. Kumbe.

Riyadh nililala kwa Otieno, rafiki yangu wa toka nyumbani, ni soja, yaani mlinzi, kwa jengo moja la maofisi pale Olaya. Tukakubaliana Majid aniletee gari basement ya hilo jengo.

Wakuu, hiyo gari niliisikia kabla sijaiona. Ilipoteremka basement, magari yaliyopakiwa yakaanza kulia alarm moja baada ya nyingine, mpaka safu nzima ikawa inalia. Otieno akanitazama kama mtu aliyeletewa msiba kazini. Supervisor wake alikuwa tayari kwa redio anauliza ni kitu gani kimelipuka.

Majid alikuwa ameng'oa silencer, akang'oa na ile dabba ya kuchuja moshi, akaweka bomba tupu kutoka injini mpaka nyuma. Akashuka akitabasamu. Kijana hana ubaya, ila alipenda gari isikike mitaa mitatu.

Akaniomba nisimwambie baba yake. Tutarekebisha kimya kimya, akasema, baba hatajua.

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia kwamba nikimchoma kijana, nitaharibu nyumba ya watu, na likizo yangu iko ndani ya hiyo nyumba.

Asubuhi tukaenda fahas. Nikiwa kwa foleni bosi akapiga. Akauliza hiyo kelele ni ya nini. Nikasema ni lori inapita, baba. Akasema sawa.

Gari ikaanguka, kwa kelele na kwa moshi. Nikapewa karatasi yenye makosa, nirekebishe nirudi.

Tukaenda sinaiya, kule kwenye magereji. Fundi wa kwanza akasema dabba na silencer za gari hiyo zitachukua siku kadhaa kupatikana. Lakini akatuambia kuna njia ya mkato: unasokota steel wool, ile ya kusugulia sufuria, unaishindilia ndani ya bomba. Sauti inashuka, unapita fahas, halafu unaitoa.

Majid akafurahi. Mimi roho haikutaka, lakini mkono ndio ulioshindilia.

Na kweli sauti ilishuka. Bosi akapiga tena tukiwa njiani, akauliza kama lori bado inapita. Nikasema ni nyingine, ndogo kidogo.

Fahas mara ya pili. Mkaguzi akaingia ndani ya gari, mwenzake akasimama nyuma na kile kifaa cha kupimia moshi. Hata hajakiingiza, yule wa ndani akakanyaga mafuta ili asikie injini.

Ile steel wool ikachomoka kama risasi. Ilikuwa imeshika moto, nyekundu kabisa. Ikapita kando ya mguu wa yule wa nyuma, ikaangukia sakafuni inafuka, na gari ikaanza kunguruma vile ilivyozoea.

Watu wote wakageuka. Yule mkaguzi akainama, akaigeuza kwa kalamu, akaiangalia sana. Halafu akaniuliza polepole, "Humu ndani mnaosha vyombo?"

Nikageuka nimtafute mwenzangu. Majid alikuwa amepotelea upande wa vyoo.

Tukatoka na karatasi nyingine. Nimeegesha nje, injini bado inawaka, simu ikalia. Bosi.

"Wafula, umemaliza?"

"Bado kidogo, baba."

"Na hiyo ni lori?"

"Ndiyo, baba. Inapita."

Kisha akasema, "Zima gari."

Nikazima. Kukawa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani kwake Jeddah.

"Sasa niambie," akasema, "lori imeenda wapi?"

Wakuu, hapo niliona likizo inaondoka. Nilimwona mtoto wangu kwenye video call miaka mingine miwili. Nikamwambia yote: bomba, dabba, steel wool, na kwamba nilimdanganya mimi mwenyewe, si kwa kulazimishwa.

Hakugomba. Akasema nimpe Majid simu.

Na hapa nimpe kijana haki yake. Hakunitupia lawama. Alisimama kando ya gari akisema ndiyo baba, ndiyo baba, na masikio yamekuwa mekundu. Kesho yake alizunguka na mimi maduka ya spea za mitumba juani mpaka tukapata dabba na silencer, akalala chini ya gari kumsaidia fundi kufunga.

Mara ya tatu tukapita.

Safari ya Jeddah gari ilikuwa kimya hivi kwamba mara mbili nilidhani injini imezima.

Bosi aliningoja getini. Akazunguka gari, akasoma karatasi, akaniambia: "Gari ikianguka fahas, inapewa nafasi irudi. Na wewe nimekupa. Lakini usinidanganye tena."

Kisha akatoa simu yake, akanifanyia viza nikiwa nimesimama hapo hapo.

Naandika haya nikiwa Bungoma. Siku ya kwanza binti yangu alinikimbia, akajificha nyuma ya nyanyake akilia. Leo amelala kwa mguu wangu na siwezi kusonga, ndiyo maana nimepata muda wa kuandika.

Nilichojifunza: ukimfichia mtoto wa bosi siri, hiyo siri inageuka yako. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka.

Mlioko Gulf, ebu semeni, ni uongo gani mlimwambia kafili, yaani bosi aliyewadhamini, ukawarudia? Na kuna aliyewahi kupita fahas na steel wool kweli, ama ni mimi tu nilidanganywa?