Maji Bado

Mumewe ndiye aliyembandika jina la Maji-Bado. Ulikuwa utani tu, maana kila jioni mama mkwe akiita kutoka chumbani, jibu lilikuwa lilelile: "Maji bado, Mama!" Jina likamganda, majirani wakasahau kuwa zamani walimwita Msusi, na kwamba alikuwa na kiti chake saluni mpaka mama mkwe alipopooza. Tangu hapo ni kugeuza, kulisha, kuogesha. Mkwe mwenyewe hakuwa na baya, ila kuuguza ni kazi isiyo na mlango wa kutokea.

Mlango wake ulikuwa tangi la kuchemshia maji. Lile kuukuu la bafuni lilichukua karibu nusu saa kupata moto. Akishabonyeza swichi, huyoo nyuma ya nyumba, juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu kainyoosha, hafanyi lolote. Nani angemsumbua? Maji bado ni maji bado, hata angekuwa mfalme angesubiri.

Sasa mume naye, huruma zimemjaa, akaleta fundi bomba. Tangi likang'olewa, ukutani kikapachikwa kisanduku kisichozidi mkate.

"Hii haina kusubiri, dada," fundi alisema. "Unafungua tu, yanatoka ya moto."

Mvuke ukapanda. Mume akacheka mpaka jino la mwisho. "Umeteseka sana, mke wangu. Basi, yamekwisha!"

Akashukuru. Angesema nini, na mtu kamtendea wema? Lakini macho yalilifuata tangi likitolewa nje.

Jioni mkwe akaita. Kwa mazoea akajibu, "Maji bado, Mama!"

"Bado nini?" mume akadakia kutoka sebuleni. "Si papo hapo?"

Akajaza beseni, akaingia nalo chumbani likifuka, macho yamemlowa. Mama mkwe akamtazama.

"Unalilia tangi?" akanong'ona.

"Hapana, Mama."

"Mimi nalililia. Ile nusu saa, mwanangu, ndiyo pekee niliyokuwa nalala bila kugeuzwa, bila kufutwa, bila kuulizwa kama nimeshiba. Nilikuwa nakuita ili nisikie 'bado'."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa mkononi. Hakujua acheke au alie zaidi, akafanya vyote.

"Haya, nioshe," mkwe alisema. "Yatapoa."

"Mnaiona raha hiyo?" mume aliuliza kwa sauti kule sebuleni.

Wakatazamana.

"Tunaiona," wakaitikia kwa pamoja.